Baharia wa Katangi

Kaka yangu alikulia Katangi, ambako maji tulikuwa tukiyachimba kwenye mchanga wa mto mkavu. Kuogelea alifundishwa jeshini. Siku aliposema amechukuliwa na wanamaji, baba alicheka mpaka akakaa chini, akamwuliza kama watoto wa Pwani wameisha.

Vita vya Somalia vikamwita. Tulikuwa tunapura ndengu maofisa wawili walipoingia uani, kofia mkononi. Mama alijua kabla hawajaketi. Walisema mashua ya kaka na wenzake ilishambuliwa ikazama, na mwili wake haukupatikana.

Mama alikataa misa ya wafu. Alisema hawezi kumwita marehemu mtu ambaye hakumwona amelala. Miaka ikapita hivyo, na hakuna aliyethubutu kumshurutisha.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, alikuja mwanamume anayechechemea. Alitueleza kwamba alihudumu pamoja na kaka. Mara kadhaa alikuwa amefika Matuu, mji wa jirani, akageuka kurudi, akiona haya kuja mbele yetu akiwa hai. Mama mwenyewe alimletea kiti.

Akasimulia. Mashua ilipopigwa, yeye alinaswa mguu chini ya chuma. Kaka alikuwa tayari majini, ameshafika mbali, lakini alirudi. Akamchomoa, akamfikisha kwenye boya, kisha akageuka kumfuata mwenzao mwingine aliyebaki. Hao wawili hawakuibuka.

Mama alikuwa akiangalia mikono yake. "Alikuwa amechoka?" akauliza.

"Alikuwa amechoka sana, Mama. Nilimsihi asirudi."

"Akakujibu nini?"

"Alisema yule ana mtoto mchanga."

Hapo mama alilia, kilio ambacho hatukuwahi kukisikia tangu habari ile ifike. Alipotulia alimwambia baba amwone padre.

Jeneza halikuwapo. Hata hivyo baba alichimba kando ya kaburi la babu, tukalaza humo sare nyeupe ya kaka, ile aliyoiacha nyumbani likizo ya mwisho, mama akiwa ameipiga pasi tena. Padre alipomaliza, mgeni wetu alijinyoosha akapiga saluti. Mguu ulianza kumtetemeka. Mama akasogea, akamshika kiwiko, naye hakuushusha mkono mpaka tulipomaliza kufukia.

Udongo ulikuwa mkavu, upepo ukaturudishia vumbi usoni. Tulinawa, tukamkaribisha mgeni chakula. Baba alikaa naye. Mama hakuja mezani; alikuwa bado amekaa kando ya kaburi.