Mkasi wa Mama na Bawa la Pamba

Sauti ya mkasi ninaijua kuliko sauti ya redio. Pale kwenye karakana yangu ya sare za shule, River Road, ghorofa ya pili, mafundi wakianza kukata kitambaa asubuhi roho yangu inatulia kidogo. Mkasi mkubwa ukila kitambaa unasema kwa upole, kama ng'ombe anayecheua. Lakini juzi kijana mmoja aliutumia kukatia boksi. Kra! Kra! Nikaruka kitini.

"Nani anakata boksi na mkasi wa nguo?"

Walicheka chini kwa chini, maana wanajua hiyo ndiyo dini yangu. Hawajui sauti ile ilinipeleka wapi. Ilinipeleka Kangemi, nyuma ya choo cha ploti yetu ya vyumba vya kupanga, nimembana njiwa kifuani, nami sijui nifanye nini.

Lakini kwanza mjue ni nani anayewasimulia. Mimi shule niliiacha mapema, na barua ndefu mpaka leo inanitoa jasho. Hata hivyo, pitieni asubuhi upande wa Riruta na Kawangware mtazame watoto wakienda shule: wamevaa mikono yangu. Ile nyumba ya ghorofa Kabiria, yenye lango jekundu, ni yangu, na sikurithi hata msumari. Aliyejenga hayo yote alianza kama mtoto asiyeweza kukaa kitako akamaliza kikombe cha chai. Mama alisema nilizaliwa juu ya njia ya siafu.

Mama alikuwa fundi cherehani pale sokoni. Baba alikuwa mtunza bustani Loresho, ng'ambo tu ya barabara kuu. Kwa miguu si mbali, lakini memsahibu wake alitaka alale huko huko, katika chumba cha nyuma, akamwachia Jumapili peke yake ya kuja kwetu. Nilizoea hivyo. Jumapili ilinukia nyama na sabuni ya Baba. Siku nyingine zote zilinuka mafuta ya taa.

Jumapili moja akaja na kikapu kilichofunikwa gunia. Njiwa wa pale Loresho walikuwa wameichafua veranda, memsahibu akaamuru waondolewe wote, na Baba akaniletea mmoja: jike mweupe, mwenye doa la kahawia shingoni. Nikamwita Pamba.

Mtaalamu wa njiwa katika ploti yetu alikuwa Otieno, mvulana aliyenizidi umri na maneno. Alimgeuza Pamba huku na huku kama mnunuzi wa mbuzi.

"Hii ni kubwa, imeshajua kwao. Ukifungua tu, imeenda. Kata bawa moja, si mbili. Ikiruka inapinda, inaanguka, inashika adabu. Manyoya yakimea tena, itakuwa imesahau Loresho."

"Na paka ya jirani je?"

"Hapo sasa, bana, ni wewe na Mungu wako."

Hivyo ndivyo wavulana wote wa Kangemi walivyofanya na njiwa mgeni. Lakini paka yule alitembea juu ya mabati yetu kama mwenye ploti, na njiwa asiyeruka ni nyama tu. Nikimkata, ataliwa. Nisipomkata, ataenda. Sikulala vizuri, sikula vizuri; kila mara nilifunua boksi nililomfungia kuona kama bado yumo. Mwishowe nikamwomba Mama mkasi. Hakuinua hata mguu kwenye cherehani.

"Mkasi wa nguo haukati manyoya. Utakuwa butu, na tutakula nini?"

Siku iliyofuata nilikuwa nikimwekea Pamba mahindi, akanipita usoni kwa kishindo cha mabawa. Akazunguka juu ya soko mara moja, akavuka barabara kuu. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Jioni, na haikuwa Jumapili, Baba akatokea mlangoni na kikapu. "Memsahibu amesema nimrudishe Pamba leo leo, kabla hajamchafulia veranda tena." Mama akawasha jiko upya. Baba akala nasi, akanisikiliza nikisoma, akarudi kazini.

Basi ikawa ndiyo desturi. Pamba anaenda, Baba anamleta. Nilikuwa nikishinda nimekodoa macho angani, nikiogopa mwewe, nikiogopa manati za watoto wa barabarani. Otieno hakuniacha nipumue. "Wewe unafuga njiwa ama umefungua posta?"

Ndipo nikaazima wembe wake, nikajificha nyuma ya choo, nikalikunjua bawa. Lilifunguka kama upepeo, lina joto, na chini yake moyo ulikuwa ukienda mbio kuliko wangu. Nikauweka wembe. Nikauondoa. Nikauweka tena. Kivuli cha Mama kikaniangukia, nikangoja kofi. Akauchukua wembe, akauzungushia kitambaa, akautia mfukoni.

"Anayetaka kurudi harudishwi kwa kukatwa. Mwekee mahindi, mwache."

Sikumkata. Na ajabu, Pamba akaanza kutulia. Njiwa dume mmoja wa Otieno akaanza kumnong'oneza juu ya paa, hata siku zikapita hajaenda Loresho. Nilikuwa nikicheka peke yangu kama mjinga. Halafu adhuhuri moja nikatoka shule, nikamkuta Mama amesimama uani, leso mkononi, anaipunga juu kwa nguvu.

"Shii! Nenda Loresho, mvivu wewe! Nenda!"

Pamba akaruka, akazunguka, akavuka barabara. Nilimkasirikia Mama mpaka nikakataa kumsalimia. Nilijua sasa kwamba anamchukia ndege wangu. Jioni Baba akaja na kikapu, na hasira yangu ikaishia kwenye chapati, maana chapati kwetu zilikuwa za sikukuu.

Juzi, mafundi walipokwenda kula, nilichukua mkasi wangu mzuri kuliko yote. Dirishani palikuwa na unyoya wa njiwa. Nikaukata. Ukakatika kama hewa. Nikapitisha kidole kwenye makali: hayakuwa butu kama Mama alivyosema. Nikajaribu kitambaa, nacho kikakatika sawasawa.

Mimi hujigamba, na kwa haki, kwamba hakuna aliyewahi kunizidi ujanja katika biashara. Nikabaki nimesimama pale dirishani na unyoya nusu mkononi, nikiziona tena zile chapati. Unga ulikuwa umekandwa tangu adhuhuri, ukafunikwa kwa ile ile leso. Tulikuwa wawili nyumbani. Ulikuwa umekandwa wa watu watatu.