Mawe Yasiyoteleza

Nyumbani kwetu Rumonge, baba alikuwa nahodha majini tu. Nchi kavu nahodha alikuwa mama. Kila asubuhi mama alishuka ziwani akakanyaga mawe ya ghuba yetu kwa unyayo mtupu. Yakiteleza, alijua vile vijimea vya kijani, vidogo hata jicho halivioni, bado viko hai majini, na palipo navyo ndagala, dagaa wa ziwa letu, hawakosi. Yasipoteleza, baba alihamishia mtumbwi na nyavu Kabonga.

Mwaka ule Wadachi waliamuru vichaka vya ufukweni vifyekwe, ati mbung'o wa malale wanajificha humo. Sisi tukaona taabu kuvichoma, tukavisukumia majini. Vikaoza. Haukupita muda, magugu ya majini yakatanda ghuba nzima kama mkeka, yananuka, na chini yake giza.

Mama hakuyaona. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, yumo ndani anamaliza arobaini yake. Kazi ya kukanyaga mawe ikaniangukia mimi, binti wa miaka tisa, mvivu mwenye kinyaa. Siku ya kwanza niliingia hadi kifundo cha mguu, ruba akaning'ata, nikatoka mbio. Sikuingia tena. Penye upenyo kati ya magugu niliona maji meupe pee, nikajiambia yametakata.

"Mawe inateleza?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Inateleza, mama."

"Basi tungoje. Ndagala itakuja."

Nilijibu hivyo siku baada ya siku. Baba alirudi na nyavu tupu wala hakubisha, maana neno la mama lilikuwa limeshatoka. Tulikula mihogo bila kitoweo. Maziwa ya mama yakapungua, kisha yakakatika. Mtoto alilia kutwa, nami, Mungu anisamehe, nilimchukia kwa kelele zake. Halafu akawa halii sana. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwisho siku ya thelathini na tatu ya arobaini ile, tulipomzika.

Arobaini ilipotimia mama alioga, akashuka ziwani. Nilimfuata kwa mbali. Alisogeza magugu kwa mikono, akapanda jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Alitembea juu yake wima, bila kuyumba. Kisha akageuka akanitazama.

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alininyooshea mkono nipande naye, nikapanda, na miguu yangu ikashika barabara.