Mioyo ya Pacha wa Borokiri

Ibiso na Awoba walizaliwa asubuhi moja katika mtaa wa Borokiri, Port Harcourt, wakafanana hivi kwamba mama yao alimfunga mmoja uzi mwekundu mkononi, asije akamnyonyesha huyo mara mbili na mwenziwe akalala njaa. Walikua wakivaliana nguo na kuwachanganya walimu. Hata ukiwa chumba cha pili, sauti tu haikukwambia nani anakuita.

Kilichowatenganisha ni ndoa. Awoba aliolewa na mwalimu wa Calabar, akahamia huko na kufungua chumba cha kusuka nywele kwenye barabara tulivu yenye miti. Ibiso alibaki nyumbani. Aliolewa na Dagogo, fundi wa injini za boti, wakapata watoto, akalirithi jiko la mama yao pale njia panda ya soko, akauza bole, ndizi na samaki wa kuchoma. Na bole ya Ibiso ilikuwa na jina. Ndizi alizichoma mpaka zikapata rangi ya asali, samaki akawapaka pilipili na mafuta ya mawese, na watu walipanga foleni juani wakimeza mate. Yeye alikaa katikati ya moshi tangu soko lifunguke hadi lifungwe, anapepea makaa kwa kipande cha boksi, macho mekundu, anacheka na kila mtu.

Moshi wa jiko haukuwa peke yake. Ile ndiyo miaka ambayo masizi yalikuwa yakiushukia mji mzima. Huko kwenye vijito, ndani ya mikoko, vijana walichemsha mafuta ghafi ya wizi kwenye mapipa, na upepo ukauleta uchafu wake mpaka vitandani. Mtu alilala ameoga, akaamka nyayo nyeusi. Shuka nyeupe zilianuliwa kambani zimekuwa za kijivu. Ukimfuta mtoto pua, kitambaa kilitoka kama kimechovywa wino. Watu walilalamika, kisha wakachoka kulalamika, wakawa wanafuta tu.

Ibiso alikuwa na miaka ishirini na minane alipoanza kuamka na kichwa kizito. Akasema ni malaria. Akanywa dawa, kichwa kikapoa, kikarudi, akanywa tena. Halafu moyo nao ukaanza vituko. Amekaa zake anamenya ndizi, hajabeba kitu, mara moyo unatoka mbio kama unafukuzwa.

"Hiyo presha," Mama Ipalibo, muuza vitambaa wa jirani, alimwambia siku alipomwona ameshika kifua.

"Presha ni ya rika lako, mama," Ibiso akajibu. "Mimi hata gauni langu la harusi bado linanienea."

"Basi Dagogo ndiye anakunyima usingizi," mteja mmoja akadakia, na benchi zima likacheka, Ibiso akiwa wa kwanza.

Mwezi wa Desemba upepo mkavu wa jangwani ukaingia, na masizi yakawa mazito, yakining'inia juu ya mabati yasitake kuondoka. Mchana mmoja Ibiso aliinuka kugeuza samaki, akaona soko linasogea. Akajikalisha kwenye benchi la wateja. Pale alipokaa, samaki wakaungua mbele ya macho yake, naye anawatazama tu. Hapo ndipo watu waliposhtuka, kwa maana hakuna aliyewahi kuona samaki wa Ibiso akiungua. Mama Ipalibo akamwagia jiko maji, akatuma mtu amfuate Dagogo bandarini.

Hospitalini nesi alimpima presha, akatazama mashine, akampima tena. Akaenda kuleta mashine nyingine, akampima mkono wa pili.

"Dada, una miaka mingapi?"

Ibiso akamwambia. Nesi akatoka kwenda kumwita daktari.

Kesho yake Awoba alishuka kwenye basi la Calabar na mkoba mmoja. Aliingia wodini, akamkuta pacha wake amejilaza, akakaa kitandani pembeni yake na kumshika mguu.

"Kuna mwanamke kule Calabar anatembea na kichwa kilichosukwa nusu kwa sababu yako," akasema.

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

"Basi mwambie ajifunge kilemba," Ibiso akasema, wakacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke mrefu wa makamo aitwaye Worlu, asiye na haraka. Walipoingia wote wawili katika chumba chake, alisimama kidogo na kuwatazama, mmoja baada ya mwingine.

"Ninyi ni wa yai moja?"

"Mama yetu mwenyewe alikuwa anakosea, daktari," Awoba akasema.

Ibiso alilazwa ubavu wa kushoto, akapakwa kifuani mafuta mazito ya baridi, na daktari akakigandamiza kidude cha kupigia picha chini ya titi lake. Kwenye skrini pakawa na mawimbi ya kijivu. Kisha yakatulia, na moyo ukatokea.

Ibiso hakuwa amejiandaa. Alikuwa amedhani ataoneshwa picha, kitu kilichotulia kama picha ya mfupa. Alichokiona kilikuwa hai. Milango midogo myembamba ilikuwa ikifunguka na kufungwa, ikifunguka na kufungwa, kama matamvua ya kambale aliyetolewa majini sasa hivi. Nyama yote ilikuwa ikijikunja na kujiachia. Alikuwa ameshika maelfu ya samaki maishani mwake, amewapasua, amewaosha, lakini hakuwahi kukutana na kitu kinachofanya kazi kwa bidii namna ile bila ya kuambiwa.

"Huo ni wangu?" akauliza, kwa sauti ya chini kama aliye kanisani.

"Ni wako. Haujapumzika tangu ukiwa tumboni mwa mama yako."

"Hata nikilala?"

"Hata ukilala."

Umeme ukakatika. Skrini ikafa, chumba kikawa giza, na katika giza lile Ibiso akahisi kitu kilekile kikiendelea chini ya mkono wa daktari. Akabana pumzi ausikilize moyo. Nje jenereta likanguruma, na moshi wake wa dizeli ukapenya dirishani, daktari akakohoa na kulifunga. Skrini ikawaka tena.

Daktari Worlu alipima hapa na pale. Mwishowe akamgeukia Awoba.

"Sikulazimishi, mama. Lakini ningependa kuuona na wako."

Awoba akapanda kitandani. Daktari akaziweka picha mbili pamoja, ya Ibiso kushoto na ya Awoba kulia, na hapo hata asiye na elimu ya tiba aliona. Mioyo ilikuwa na umbo moja, imepinda kidogo mahali palepale, kama mikono miwili ya mtu mmoja. Lakini ukuta wa chumba cha kushoto cha Ibiso ulikuwa umenenepa, mnene na mgumu, na nafasi ya damu katikati imebanwa. Ukuta wa Awoba ulikuwa mwembamba na laini, unacheza.

Dada wawili waliokuwa wakitazamana maisha yao yote kama mtu atazamavyo kioo, leo kwa mara ya kwanza walikuwa wakitazama mahali ambapo hawakufanana.

"Umeubebesha mzigo," daktari akasema. "Presha ikipanda, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, na nyama inayosukuma sana inajaa, kama mkono wa mpiga makasia. Mkononi ni sifa. Moyoni ni hatari."

"Na presha imetoka wapi? Baba yetu hana, mama hakuwa nayo."

"Unaishi wapi? Unafanya kazi gani?"

Ibiso akaeleza. Daktari akatikisa kichwa polepole.

"Lile vumbi jeusi unalolifuta puani ndilo kubwa, pua yako imelizuia. La hatari ni lile usiloliona. Ni dogo mno kiasi kwamba linapita kwenye mapafu, linaingia kwenye damu, linatembea nayo mwili mzima. Mishipa inakasirika, inakakamaa. Vijana wengi hapa mjini wanaletwa kwangu na mioyo ya wazee. Siwezi kukuapia kwamba ni moshi peke yake, chumvi nayo ina lake, na kuhangaika. Ila ninyi mlianza sawa."

Ibiso alitazama dirisha, ambako mwanga wa mchana ulikuwa wa kahawia. Alijaribu kulifikiria vumbi lisiloonekana likitembea ndani yake kama wasafiri, likipita mlango ule mwembamba alioutazama, na mwili ukamsisimka. Haikuwa hofu tu. Alistaajabu kwamba anga lote lile, pamoja na mapipa ya wale vijana wa vijitoni, lilikuwa limepata njia ya kuingia mpaka kule.

Walipotoka Awoba alianza mara moja. "Fungasha. Tunakwenda Calabar, wewe na Dagogo na watoto."

"Nikafanye nini Calabar? Nisuke nywele?"

"Uishi."

"Awoba, mimi nikiacha jiko lile nani ataninunulia dawa? Na Dagogo akatengeneze boti gani kwenye saluni yako?"

Awoba akageuka upande, akalia. Alisema baadaye kwamba kilichomuuma zaidi ni wepesi wa moyo wake mwenyewe pale kwenye skrini, kana kwamba aliuiba.

Ibiso hakuhama. Alianza vidonge, kimoja kila asubuhi, akapunguza chumvi na vile vibonge vya chumvi vya kukoleza supu alivyokuwa akivitia bila kupima. Dagogo, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alipasua mapipa mawili, akayaunga yakawa kofia kubwa ya bati yenye bomba refu, akaisimamisha juu ya jiko, moshi ukapanda na kutokea juu ya paa. Akafunga na feni ndogo ya betri ya kupuliza makaa, ili mkewe asimame mbali. Siku ya kwanza wateja walifanya mzaha kwamba Ibiso amefungua kiwanda cha mafuta. Siku za masizi mazito alifunga kabisa, na hilo ndilo lililomgharimu, maana njaa ya watu haiangalii anga.

Anga lenyewe halikubadilika sana. Serikali ilivunja baadhi ya mapipa ya mtoni, mengine yakachipuka. Lakini presha ilianza kushuka, kidogo kidogo, na asubuhi moja Ibiso akatambua kwamba kichwa hakijamuuma tangu mvua zianze.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, Daktari Worlu alimlaza tena ubavu wa kushoto. Alipima, akapima tena, akaileta picha ya zamani ubavuni mwa mpya.

"Njoo uone," akasema, ingawa Ibiso alikuwa palepale.

Ukuta ulikuwa umepungua. Haukuwa bado kama wa Awoba, lakini ulikuwa umelegea, na nafasi katikati imefunguka.

"Umejirudi wenyewe?"

"Tumeupunguzia mzigo, nao umejirudi. Si mioyo yote hujirudi hivi. Wako bado kijana, unasikia. Vidonge usiviache."

Ibiso aliomba aendelee kuutazama kidogo. Foleni haikuwa ndefu siku ile, daktari akamwachia kidude kifuani. Ibiso akatoa simu, akampigia Awoba kwa video, akaielekeza kwenye skrini. Kule Calabar Awoba alikuwa na kichwa cha mteja mikononi. Akaacha kusuka, na mteja naye akageuza shingo kutazama, na wote watatu wakautazama moyo unavyofunguka na kufungwa.