Bibi Harusi Alivyokula Mabango Yangu

Kazi yangu ya wiki tatu ililiwa kwa dakika kumi, mchana kweupe, na aliyeila nilikuwa nimemshika kamba mwenyewe.

Usicheke kwanza. Ngoja nikupe mkanda mzima.

Nilikuwa mtunza stoo wa chanjo za mifugo. Miaka sita mimi na jokofu, jokofu na mimi.

Siku moja bosi akatangaza kwamba ofisi itafungua banda la kuwaelimisha watu kuhusu mbuzi, na anatafuta wa kuliandaa. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Akaniambia nikifanya vizuri, kitengo cha elimu ni changu. Nikiharibu, nirudi kwenye jokofu langu na asinisikie tena.

Basi bwana, nikasoma mbuzi. Mezani nikawa naeleza matumbo manne ya mbuzi mpaka mke wangu akahamishia sahani yake jikoni.

Nikaandika mabango kumi na mawili kwa mkono. Namna ya kujua umri wa mbuzi kwa meno. Kwa nini anacheua. Na lile nililolipenda kuliko yote, kwa herufi kubwa: SI KWELI MBUZI HULA KILA KITU. MBUZI HUCHAGUA.

Mbuzi wa kuonyesha nikaazima kwa mama mkwe. Huyu mama amezaliwa zizini, na hajawahi kuelewa binti yake alimpendea nini mtu wa jokofu. Akanipa kipenzi chake, jike jeupe aitwaye Bibi Harusi, kisha akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Baba, huyu mbuzi unamjua au umemsoma?"

Nikajibu yote mawili. Kiburi si maungwana, lakini siku hiyo kilinikaa vizuri sana.

Sasa sikiliza nilipojimaliza. Gundi ya ofisi ilikuwa imekauka, nikapika ya unga wa ngano. Nikakumbuka kwamba gundi ya unga huchacha na kuota ukungu, nikajiona mjanja, nikatia chumvi. Konzi mbili. Nikayabandika mabango kwenye mbao, halafu nikayapaka gundi hiyo hiyo na kwa mbele ili yakaze.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Bosi kavaa suti. Mama mkwe mstari wa mbele, mikono kiunoni. Nikamwingiza Bibi Harusi, nikashika fimbo, nikasoma lile bango langu kwa sauti ya redio.

Watu wakacheka. Nikadhani nimewakuna, nikaongeza madoido.

Kumbe nyuma yangu Bibi Harusi ameshakula neno la kwanza na mstari wa mwisho. Nilipogeuka, bango lilikuwa linasema: KWELI MBUZI HULA KILA KITU.

Nikavuta kamba, naye akanivuta. Bango la meno likaenda na meno. Bango la matumbo manne likaingia kwenye matumbo yenyewe. Bosi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na mimi nikaanza kusikia jokofu likiunguruma kichwani. Sikufichi, machozi yalikuwa karibu.

Mama mkwe akaingia ndani ya uzio bila kumwomba mtu ruhusa. Akakwaruza ubao kwa kidole, akalamba.

"Baba, gundi umetia chumvi?"

Nikasema kidogo tu.

Akamfungua Bibi Harusi mdomo, akachomoa kipande cha karatasi kilicholowa mate, akampa bosi asome maana yeye miwani hana. Bosi akasoma. Mwandiko wangu kabisa, bango namba saba:

"Mbuzi akishaonja chumvi, hata mwenyewe hamwachishi."

Jamani. Kuna mwanamke alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe akasubiri kelele zitulie. Kisha, kwa kuwa mdomo wa mbuzi ulikuwa bado mkononi mwake, akaanza kuwaonyesha watu meno na umri. Akashika tumbo, akaeleza kucheua. Akaonyesha kwato, macho, manyoya. Saa mbili nzima, na hakuna aliyeondoka. Hata mimi nilikuwa naandika pembeni.

Bosi akatimiza ahadi yake nusu. Jokofuni sikurudi. Kitengo cha elimu kilianzishwa wiki iliyofuata, na mkuu wake ni mama mkwe.

Mimi ni msaidizi. Napika gundi, na kabla sijabandika chochote lazima ailambe kwanza. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, anaitikia, halafu ananiuliza kama leo mbuzi namjua au nimemsoma.

Namjibu bado nasoma, mama.

Wewe unayepitia hii simulizi, shika hili moja. Kabla hujawafundisha watu, soma kwanza ulichokiandika mwenyewe. Usipokisoma wewe, yupo atakayekitafuna mbele za watu.