Norbert na Mama wa Treni ya Tokyo

Norbert hakudanganya kwa mdomo. Alinyamaza tu, na kunyamaza nako kuna siku kunazaa. Alipofika Birmingham kutoka Bukavu, baada ya miaka ya kambi ya wakimbizi, watu wa kanisa la Wakongomani kule Great Barr walimuuliza amepata kazi gani. Akajibu, "Kwenye treni, pale karakana ya Tyseley."

Mchungaji Aganze akapiga makofi. "Injinia!"

Norbert akafungua kinywa aseme kwamba anafagia mabehewa, anakwangua chingamu chini ya viti, anaosha vyoo. Lakini watu walishafurahi. Akakifunga. Ikapita miaka kumi na minne akiitwa Papa Injinia.

Alipostaafu, binti yake Fortunée akampeleka Japani siku kumi. Kanisa likachangamka kama lenyewe ndilo linalosafiri.

"Papa Injinia," Aganze akamwambia, "treni za kule zinapita kama risasi. Ukirudi, Jumapili utasimama mbele, utueleze injini yake inafanyaje."

Basi mzee akasafiri na jiwe kifuani. Akaonyeshwa mahekalu, akaonyeshwa bustani za mawe, na paa wanaoinamisha vichwa wapewe biskuti. Yeye anaitikia, "Vizuri, vizuri," na moyoni anaiona ile Jumapili inakuja.

Siku ya nane walikuwa stesheni ya Tokyo, wamesimama kwenye foleni iliyonyooka kama imepigwa rula. Treni ikaingia, abiria wakashuka, wasafishaji wakaingia. Norbert akachungulia dirishani. Mama mmoja wa rika lake alipangusa meza, akavigeuza viti vikatazama upande wa pili, kisha akapapasa kila kiti kwa kiganja. Norbert akajua anatafuta nini: unyevu. Abiria akimwaga kinywaji, jicho halioni, mkono ndio unaojua. Hilo hakufundishwa na mtu. Alilijua kwa malalamiko ya abiria waliokalia viti vibichi wakaloa suruali.

Dakika saba, wakatoka, wakajipanga, wakawainamia abiria.

Sasa, kwao Norbert mtu aliye kazini hapitwi kimya. Akatoka kwenye foleni, akamshika yule mama mkono kwa mikono yake miwili. "Pole na kazi, Mama."

"Papa!" Fortunée akanong'ona kwa ukali. "Watu wa huku hawashikanake mikono!"

Mama wa watu alikuwa ameshtuka. Glavu yake ilikuwa mbichi, naye anahangaika kuitoa asimchafue mgeni. Norbert akamwachia, akaona amemtia aibu mbele ya watu wote. Hana neno hata moja la Kijapani. Akanyoosha viganja vyake: kucha zimeliwa na dawa za kusafishia, ngozi ya vidole imebambuka haikurudi tena. Mama akavitazama sana. Akavua glavu, akatoa kidole gumba chake. Kilikuwa vilevile. Wakainamiana, na foleni nzima ikangoja bila mtu kuguna.

Ndani ya treni Fortunée akauliza, "Ulimuambia nini?"

"Nilimuambia siye ni watu wa kazi moya."

Binti akatazama dirishani mpaka mji ukaisha. "Na dimanche, Papa, kule kanisa utawaambia nini?"

"Kama huyu nilimuambia bila kinywa," mzee akasema, "wale nitashindwa je na kinywa ninacho?"

Jumapili akasimama. Hakueleza injini. Alieleza kiganja juu ya kiti, halafu akasema, "Na mimi kazi yangu ilikuwa ile. Tangu siku ya kwanza. Sikuwa injinia hata saa moja."

Mama Lucie akapaza sauti kutoka katikati ya waumini: "Eh, Papa! Na mashine yangu ya kufua uliyonitengenezea?"

"Niliifungua, Mama, nikakuta imejaa nyuzi. Nikaisafisha. Ndiyo ujuzi wangu wote."

Watu wakacheka wakashikana mabega. Aganze hakucheka. Ni yeye aliyekuwa akiwaambia vijana wamtazame Injinia wasome kwa bidii, na sasa anafungua Biblia, anaifunga, anaifungua tena.

Norbert hakurudi kwenye kiti cha wazee mbele, alichopewa kwa ajili ya ule uinjinia. Akashuka taratibu hadi benchi la mwisho, karibu na mlango. Fortunée akachukua mkoba wake, akamfuata.