Njuga za Tari Asizozisikia Ami Wagdi

Mwaka huu Ami Wagdi amebadilisha waya mara tatu. Spika mara moja. Sindano ya santuri nimeacha kuhesabu. Kila akimaliza anakaa, anasikiliza kidogo, anahema kama punda aliyepandishwa ngazi, kisha anasema, "Bado imefifia."

Mimi ni binti wa kaka yake na, kwa mkosi wangu, msimamizi wa kundi lao la WhatsApp: wazee kumi na mmoja wa Aleksandria, wagonjwa wa muziki wa kale, wanaotumiana maua asubuhi na kutukanana kuhusu spika mchana. Ijumaa baada ya swala wanakutana kwa ami. Mmoja analeta kanda aipendayo, wanasikiliza, muziki unapochoma moyo wanaguna "Allah!" Mwisho ami anatoa hukumu: kanda ni ya asili, au imechezewa. Ikiwa imechezewa, hairudi tena chumbani. Tangu astaafu kazi ya simu za mezani, hicho ndicho cheo pekee alichobaki nacho.

Juzi ilikuwa zamu ya Hanafi, mfamasia. Alileta kanda ya harusi ya dada yake, miaka arobaini hajamsikilizisha mtu. Kinanda cha nyuzi kiitwacho kanuni, fidla, tari yenye njuga. Wazee waliguna mpaka paka akahama. Ami akakunja uso.

"Imesafishwa hii," akasema. "Sauti za juu zimekatwa. Njuga za tari ziko wapi?"

"Ziko wapi? Wagdi, zinanitoboa kichwa!"

"Usinifanye mtoto, Hanafi. Nasikia ngozi tu."

"Kanda imelala chini ya shuka za marehemu mama! Nani kaisafisha, nondo?"

Watu wakacheka. Ami hakucheka. Halafu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu simu yangu ina programu inayopima sauti na kuichora. Sikutaka, wallahi. Nikaisogeza kwenye spika. Mistari ya juu kabisa, ya sauti nyembamba, ikawa inarukaruka kama mbegu za haradali kwenye mafuta ya moto.

Ami aliitazama. Akavua miwani, akaivaa tena. Akamgeukia jirani yake, Shukri.

"Wewe unazisikia?"

"Nazisikia, ndugu yangu."

 

"Kwa hiyo zile kanda zako," ami akasema taratibu, "nilizozifukuza Ramadhani..."

"Zilikuwa nzima."

"Na ukanyamaza?"

"Ningekwambiaje, Wagdi? Ulikuwa umetoka kununua waya mpya."

Ami akajiegemeza kitini. Ghafla alionekana kama mtu aliyebeba kabati peke yake hadi ghorofa ya tano, akaambiwa nyumba siyo hiyo.

"Zirudisheni," akasema. "Zote nilizokataa mwaka huu. Na hukumu mpeni mwingine. Nimechoka kugombana na waya."

"Tumpe nani?" Hanafi akauliza. "Hapa wote tunaelekea uziwi, mzee, wewe umewahi foleni tu."

Ami akatabasamu nusu. "Anza tena mwanzo. Njuga zikiingia, niambie."

Hanafi akavuta kiti, akakaa ubavuni kwake. Kanda ikazunguka. Kila njuga zilipolia alimgonga gotini kwa kidole, tak, tak-tak. Ami alifumba macho hadi mwisho.

Kanda ilipokwisha, wazee wakamtazama kwa mazoea, wakingoja hukumu.

"Muulizeni Hanafi," akasema, akainuka kwa kushika meza, akaenda kubandika chai.