Mizunguko Mitatu ya Bwana Loth

Klementina alikuwa mjane kutoka kijiji cha Kaengesa, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kuziba nyufa. Ghala la mahindi la pale Sumbawanga mjini lilipopigwa dawa, yeye ndiye aliyebandika karatasi kwenye milango kwa uji mzito wa ngano, akakandamiza pindo za maturubai kwa mifuko ya mchanga, akahesabu siku. Ukimwona na sufuria lake la uji ungedhani anakwenda kumlisha mgonjwa. Lakini alikuwa fundi na alijijua hivyo, na mimi siwavumilii watu wanaodhani kazi ya mikono haina akili.

Dawa yenyewe hakuigusa. Hiyo ilikuwa ya Bwana Loth, mtaalamu kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu mrefu ambaye Kimambwe chake kilisikilizana na Kifipa cha Klementina bila mkalimani. Loth ndiye aliyekuwa na cheti, na barakoa, na kipimo kidogo kilicholia hewa ikichafuka. Dawa ilikuwa vidonge ambavyo vikishakaa wazi hutoa hewa isiyoonekana, yenye harufu kama ya kitunguu saumu, inayoua fukusi, panya na mtu. Loth aliviheshimu kuliko alivyomheshimu meneja wake.

Alikuwa na tabia moja. Kabla ya kufungua kopo, alilizunguka ghala mara tatu kwa miguu, polepole, mikono nyuma, bila kusema neno. Sisi Wafipa tumetaniwa uchawi mpaka tumezoea. Mtu wa Dar akisikia Sumbawanga anauliza habari za ungo. Basi kumpata mgeni anayezunguka jengo kimyakimya ilikuwa furaha kwa wapakizi. "Bwana Loth anaaga mizimu," walisema, na Klementina akacheka nao. Miaka kumi na mmoja, hakumuuliza hata siku moja anazungukia nini.

Kisha nchi mbili zikavimbiana. Wale wa ng'ambo waliwarudisha wachomeleaji na wachimba visima wetu, wakisema wanao wa kwao. Na sisi tukaacha kuwaongezea muda wa vibali vya kazi wataalamu wao. Kibali cha Loth kilikwisha mwezi Juni, mahindi ndiyo kwanza yanaingia ghalani. Aliondoka na sanduku moja, kipimo chake ndani.

"Mama Adriano," alimwambia Klementina langoni, "mikono ya kazi hii unayo. Macho yake bado. Usiwapigie watu dawa."

"Nimekusikia," alijibu, na maneno yale yakamchoma.

Bila mtaalamu hapakuwa na cheti, na bila cheti wanunuzi wakubwa hawakupakia. Malori yakageukia mikoa mingine. Wapakizi wakakaa vijiweni, mama lishe wakazima majiko, bei ya gunia ikaporomoka. Mtaalamu mwingine aliombwa kutoka mbali, akajibu ana kazi mpaka Oktoba. Sokoni kila mtu alikuwa akisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, mpaka nikachoka kuisikia. Fukusi hawakusema kitu, walikula tu.

Isdori, mdogo wake Klementina, alikuwa na magunia sitini katika chumba alichokodi mtaa wa Izia ili awe karibu na wanunuzi. Yalikuwa mavuno yake yote, na bila hayo binti yake Herieth asingerudi chuo cha uuguzi. Mwezi Agosti alimfuata dada yake akiwa na uso wa msiba.

"Shikamoo dada. Ukiweka sikio kwenye gunia unawasikia wanavyotafuna."

"Marahaba. Mngoje mtaalamu."

"Oktoba atakuta maganda. Vidonge vinauzwa, kila mtu ananunua. Usipokuja wewe nitaweka mwenyewe, na mimi sijui hata pa kuanzia."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomnasa. Ila nisimpambe: alitaka pia. Alitaka mtu aone kwamba mikono yake ina macho.

Jumatatu asubuhi walikwenda Izia. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili vimepeana mgongo chini ya bati moja, bila dari. Cha Isdori kilifungukia barabarani. Cha pili kilifungukia uani, nyuma ya ua wa mabua.

"Huko nyuma nani anakaa?" Klementina aliuliza.

"Kitupu tangu Pasaka," Isdori akasema. Yeye mwenyewe hakuwa amefika pale kwa wiki mbili.

Aliziba dirisha, akaziba matundu ya panya, akafunika magunia kwa turubai na kulikandamiza kwa mchanga. Ilikuwa kazi safi. Aliposhika kopo la vidonge, miguu yake ilimkumbuka Loth. Ilitaka kuzunguka. Lakini ng'ambo ya barabara wanawake watatu walikuwa wamekaa wakipepeta maharage, na macho yao yalikuwa kwake. Mwanamke mjane, azunguke nyumba ya watu mara tatu kimyakimya, mchana kweupe, Sumbawanga hii? Kabla ya jua kuzama angekuwa na jina ambalo halifutiki hata kwa kuhama. Akatabasamu. Hayo ni mambo ya kwao huko, akajisemea.

Akatandaza vidonge, akafunga mlango, akapaka uji na karatasi. Juu yake akabandika onyo: HATARI, DAWA, USIFUNGUE MPAKA IJUMAA. Pale chini, ambapo siku zote lilikaa jina la Loth, akaandika Klementina. Alisimama akaliangalia muda mrefu kidogo. Alikuwa na furaha, maskini.

Jumatano mchana alirudi peke yake kukagua. Karatasi hazikuwa zimeguswa. Lakini kitunguu saumu kilimjia puani, kidogo tu, na hakujua kinatokea wapi. Alikuwa bado ananusa simu ilipoita. Alikuwa Loth, anamjulia hali. Klementina akamweleza kila kitu, nusu kwa woga, nusu kwa majivuno.

"Dirisha?" Loth aliuliza.

"Nimeziba."

"Matundu ya chini?"

"Yote."

"Ulizunguka?"

Klementina akacheka. "Bwana Loth, nizunguke nyumba ya watu hapa Sumbawanga? Waniite mchawi?"

Loth akasema taratibu, "Mama, mimi siagi mizimu. Natazama nani analala nyuma ya ukuta. Zunguka sasa hivi. Usikate simu."

Akaanza kutembea. Mmoja wa wale wanawake wa maharage akamwita kutoka ng'ambo: "Unawatafuta wapangaji wapya? Wamekuja Jumapili, Wasukuma kutoka Milepa. Kashinje na kichanga chake, wamekuja kliniki. Leo sijawaona."

Klementina alipita pembe ya nyumba, akasukuma ua wa mabua. Kuku mweusi alikuwa amelala kizingitini, mabawa yametawanyika, mdomo wazi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kwenye kamba nepi nne zilikuwa zimekauka mpaka zimekakamaa, na vumbi la jana juu yake. Harufu hapa ilikuwa kali.

"Unaona nini?" Loth aliuliza.

"Nepi," alisema. "Naona nepi za mtoto, Bwana Loth."

"Vunja mlango. Zuia pumzi, vunja mlango!"

"Hodi," akaita Klementina, kwa sauti ndogo, kama mgeni mwenye adabu. Kisha akaita kwa ngumi zote mbili.